Sura ya Saba: Bomba la Kwenye Makaratasi

Alfajiri ya tarehe 22 Desemba 1999, zikiwa zimebaki siku 3 kufika Krismasi, nyumba moja kwenye Barabara ya Carlisle katika mji wa Larkhall, kusini-mashariki ya Glasgow, ililipuka. Ndani walikuwamo mume, mke na watoto wao wawili, mmoja wa miaka 13 na mwingine wa miaka 11. Hakupona hata mmoja. Palipokuwa na nyumba pakabaki moto na kifusi.

Swali la kwanza lilikuwa gesi ilitoka wapi. Kampuni ya Transco, iliyomiliki karibu mtandao wote wa mabomba ya gesi ya majumbani nchini Uingereza, ilikuwa na kumbukumbu zake, na kumbukumbu hizo zilionyesha kwamba bomba lililopita mbele ya nyumba ile ni la plastiki. Plastiki haishiki kutu. Lakini bomba lililokuwa limefukiwa pale lilikuwa la chuma, na kutu ilikuwa imelila hadi likatoboka.

Kosa la karani, mtu atasema. Ila kosa hilo la karani lilikuwa na kazi yake. Kampuni ya gesi haiwezi kufukua kila bomba kila mwaka. Huamua pa kuchimba, pa kupima na pa kubadilisha kwa kuangalia rejista. Bomba likiandikwa plastiki, halimo kwenye orodha ya mabomba yanayooza. Hakuna fundi atakayetumwa kulitazama. Kwa kampuni, bomba la chuma la Larkhall halikuwapo.

Katika kesi nyingi za milipuko ya gesi majumbani, ushahidi mzito kuliko wote haumo kwenye majivu. Umo ofisini, kwenye kabati la mafaili au kwenye kompyuta, na mara nyingi umekaa humo miaka mingi kabla ya moto.

Njia ya gesi

Mtu akisikia nyumba imelipuka kwa gesi, mawazo yake hukimbilia jikoni. Nani aliacha jiko wazi? Nani aliwasha kiberiti? Mawakili wa makampuni wanalijua hilo, na utetezi wao mara nyingi huanzia hapo hapo. Lakini mahakama haihangaiki sana na cheche, kwa kuwa cheche haikosekani ndani ya nyumba: swichi ya taa, mota ya friji, kiberiti cha mvutaji sigara. Linaloulizwa ni kwa nini gesi ilikuwapo mahali ambapo haikupaswa kuwapo.

Gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja kutoka kwenye bomba lililofukiwa hutafuta njia ya kupanda juu. Ikizuiwa na lami, zege au udongo ulioganda kwa baridi, hutambaa pembeni. Hufuata mchanga uliolegea kandokando ya mabomba mengine, mitaro ya majitaka na nyufa za msingi, mpaka ipate uwazi chini ya sakafu ya nyumba ya mtu. Huko hujikusanya. Ikiwa chini ya asilimia 5 ya hewa haiwaki. Ikizidi asilimia 15 haiwaki pia, maana oksijeni imepungua mno. Kati ya viwango hivyo viwili, nyumba nzima imekuwa bomu.

Methani haina rangi wala harufu. Ule uvundo wa yai viza ambao watu huuita harufu ya gesi ni dawa inayotiwa makusudi. Desturi hiyo ilienea na kuwekewa sheria baada ya shule ya New London, huko Texas, kulipuka tarehe 18 Machi 1937 na kuua karibu watu 300, wengi wao wanafunzi. Hata hivyo dawa hiyo ina udhaifu wake: gesi ikipita muda mrefu ardhini, udongo unaweza kuinyonya, na gesi ikafika ndani bila kunusika vizuri. Na aliyelala usingizi hanusi kitu.

Kwa hiyo mwenye nyumba, hata akiwa makini namna gani, hana uwezo wa kulijua bomba lililo chini ya bustani yake. Hakulichagua, hakulifukia, haruhusiwi kuligusa. Anayelijua ni mmoja tu, naye ni yule anayemtumia bili. Wajibu wa kisheria umejengwa juu ya ukweli huo.

Konokono wa Paisley na hoteli ya Edmonton

Mwaka 1932 Baraza la Malodi mjini London lilitoa hukumu ambayo kila mwanafunzi wa sheria Nairobi na Dar es Salaam huikariri mwaka wake wa kwanza: Donoghue dhidi ya Stevenson. Kesi ilianzia Paisley, upande wa pili wa Glasgow ukitokea Larkhall, kwa mwanamke aliyedai kwamba chupa ya kinywaji cha tangawizi aliyonunuliwa mkahawani ilikuwa na konokono aliyeoza. Mwanamke huyo hakuwa na mkataba wowote na mtengenezaji. Lord Atkin akasema mkataba si lazima: una wajibu wa kutomdhuru jirani yako, na jirani ni yeyote ambaye ulipaswa kumfikiria kwamba kitendo chako au uzembe wako unaweza kumfikia.

Mwaka huohuo wa 1932, ng'ambo ya bahari huko Edmonton, Kanada, Hoteli ya Corona iliteketea. Gesi ilikuwa imevuja kwenye bomba la inchi 12 lililopita barabarani, ikasafiri ardhini na kuingia chini ya hoteli. Bomba lilivunjika kwenye kiungio kilicholehemiwa kwa sababu halmashauri ya jiji ilikuwa imechimba mfereji wa maji ya mvua chini yake, udongo ukatitia, na bomba likabaki linaning'inia. Kampuni ya gesi, Northwestern Utilities, ilikuwa na majibu mawili. La kwanza: aliyeharibu ni jiji, si sisi. La pili: sisi tunasambaza gesi kwa idhini ya sheria iliyotungwa na bunge.

Shauri lilipanda hadi kwa Baraza la Mfalme mjini London, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa himaya ya Uingereza, Kenya na Tanganyika zikiwamo. Mwaka 1935 Lord Wright alisoma uamuzi. Alikubali kwamba mwenye idhini ya sheria hawajibiki bila kuthibitishwa uzembe. Lakini anayebeba kitu cha hatari kama gesi hudaiwa uangalifu wa kiwango cha juu, na uzembe ulikuwapo. Mfereji ulichimbwa barabarani, mchana kweupe. Kampuni ilijua, au ilipaswa kujua, kwamba watu wanachimba palepale lilipo bomba lake, na haikutuma mtu kwenda kuangalia. Ikashindwa.

Uamuzi huo ulifunga mlango ambao makampuni hupenda kuutumia hadi leo. Kusema "hatukujua" si utetezi kwa mtu ambaye kazi yake ni kujua.

Kuna msaada mwingine ambao mahakama humpa mwenye msiba, nao unatambulika vilevile katika mahakama za Afrika Mashariki: kanuni ya tukio linalojisemea lenyewe. Ikiwa kilicholeta madhara kilikuwa mikononi mwa mshtakiwa, na ajali ya aina hiyo kwa kawaida haitokei pasipo uzembe, mahakama inaweza kukisia uzembe mpaka mshtakiwa atoe maelezo ya kuridhisha. Bila kanuni hiyo mjane angetakiwa kuthibitisha hali ya kiungio cha bomba ambacho hajawahi kukiona, kwa ramani ambayo iko kwenye ofisi ya mshindani wake.

Akili ya kampuni iko wapi?

Fidia ni jambo moja. Familia za waliokufa mara nyingi hutaka jingine: anayehusika atiwe hatiani kwa kuua.

Waendesha mashtaka wa Scotland walijaribu. Transco ikawa kampuni ya kwanza nchini humo kushtakiwa kwa kosa la kuua bila kukusudia. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ililifuta shtaka hilo, na sababu yake inafaa kutazamwa kwa karibu. Ili kampuni iwe na hatia ya kuua, majaji walisema, lazima apatikane mtu au kikundi cha watu ambao ndio akili inayoiongoza, na hatia ionekane ndani ya akili hiyo. Hati ya mashtaka ilitaja kamati na vyeo mbalimbali, kwa miaka mingi. Hawa walijua kwamba chuma cha aina ile kinaoza. Wale walijua kwamba kumbukumbu haziaminiki. Waendesha mashtaka walitaka vipande hivyo vyote vijumlishwe viwe akili moja yenye hatia. Mahakama ikakataa kujumlisha.

Matokeo yake ni ya kushangaza kidogo. Kampuni ikiwa ndogo, mwenyewe akiwa ndiye meneja na ndiye fundi, hatia ya kuua ni rahisi kuipata. Ikiwa kubwa kiasi kwamba habari za hatari zimetawanyika kwenye idara kumi, ukubwa wenyewe unakuwa kinga.

Likabaki shtaka chini ya sheria ya afya na usalama kazini ya mwaka 1974. Kesi ilisikilizwa Edinburgh mwaka 2005 kwa muda wa miezi kama sita. Mwezi Agosti jopo la wananchi likaikuta Transco na hatia, na jaji, Lord Carloway, akaitoza faini ya pauni milioni 15, kubwa kuliko zote zilizowahi kutolewa Uingereza hadi siku hiyo kwa kosa la usalama. Alieleza pia kutoridhishwa kwake na jinsi kampuni ilivyoonyesha majuto haba.

Mambo mawili yalifuata katika miaka hiyo baada ya mlipuko wa Larkhall. Tangu mwaka 2002 wasimamizi wa usalama wa Uingereza waliendesha mpango wa miaka 30 wa kuondoa mabomba yote ya gesi ya chuma yaliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye majengo. Na mwaka 2007 bunge likatunga sheria ya makosa ya kuua yanayofanywa na makampuni, iliyoanza kutumika tarehe 6 Aprili 2008. Sheria hiyo haidai tena mtu mmoja ambaye ndiye akili ya kampuni. Inaangalia jinsi wakubwa walivyopanga na kuendesha shughuli zake. Kufeli kwa shtaka la Larkhall kulikuwa miongoni mwa mifano iliyoonyesha kwamba sheria ya zamani ilikuwa na tobo.

Bomba ambalo halijawahi kutengenezwa

Miaka kumi na ushei baada ya Larkhall, kumbukumbu zilidanganya tena, safari hii California.

Jioni ya tarehe 9 Septemba 2010, saa 12 na dakika 11, bomba kubwa la gesi lilipasuka chini ya mtaa wa Crestmoor mjini San Bruno, karibu na uwanja wa ndege wa San Francisco. Mngurumo na moto vilikuwa vikubwa hivi kwamba wengi walidhani ndege imeanguka. Kipande cha bomba chenye urefu wa futi 28 na uzito wa kama pauni 3,000 kilirushwa umbali wa futi 100. Watu 8 walikufa, nyumba 38 ziliteketea, na gesi iliendelea kulisha moto kwa dakika 95 kabla ya kufungwa, kwa kuwa valvu za eneo hilo zilihitaji kufungwa kwa mkono na fundi aliyefika mwenyewe.

Bomba hilo, mali ya kampuni ya PG&E, lilifukiwa mwaka 1956. Rejista ya kampuni ilisema ni bomba la inchi 30 lisilo na mshono. Wachunguzi wa bodi ya taifa ya usalama wa usafiri, NTSB, walipoliweka mezani waliona mshono kwa macho. Sehemu iliyopasuka ilikuwa imeungwa kwa vipande vifupi vifupi, na baadhi ya mishono ilikuwa imelehemiwa kwa nje tu, ndani ikiachwa wazi. Kuna la ajabu zaidi: NTSB ilibaini kwamba viwanda vya Marekani wakati ule havikutengeneza kabisa bomba lisilo na mshono la inchi 30. Rejista ilikuwa inaeleza kitu ambacho viwanda hivyo havikukitengeneza, na kwa nusu karne hakuna aliyeuliza.

Siku ya ajali, kazi ya umeme katika kituo cha Milpitas ilisababisha mgandamizo wa gesi kupanda. Ulifika pauni 386 kwa kila inchi ya mraba. Kwenye makaratasi bomba lilikuwa na uwezo wa kuhimili 400. Likapasuka likiwa bado ndani ya uwezo wake wa kwenye makaratasi.

Mdhibiti alipoitaka kampuni ithibitishe nguvu ya mabomba yake yote, wafanyakazi walikusanya mafaili ya miongo mingi wakayapeleka kwenye ukumbi mkubwa wa michezo na maonyesho uitwao Cow Palace, na wakakesha humo wakipekua makasha. Kampuni inayosambazia mamilioni ya watu gesi ilikuwa ikitafuta ndani ya makasha ili ijue imefukia nini.

Lawama zilikuja kwa mafungu matatu, na viwango vyake vinafundisha. Waathirika waliofungua kesi za madai walilipwa jumla ya dola milioni 565 kwa maridhiano. Tume ya huduma za umma ya California, mwezi Aprili 2015, iliipiga kampuni adhabu ya dola bilioni 1.6: milioni 850 za kuboresha usalama wa mabomba, milioni 400 za kurudishiwa wateja, milioni 300 kwa hazina ya jimbo, na zilizobaki kwa hatua nyingine za usalama. Halafu ikaja kesi ya jinai. Mwezi Agosti 2016 jopo la mahakama ya shirikisho liliitia hatiani PG&E kwa makosa matano ya kuvunja kwa makusudi kanuni za usalama wa mabomba, na kosa la sita la kuzuia uchunguzi wa NTSB. Januari 2017 hukumu ikasomwa: faini ya dola milioni 3, uangalizi wa miaka 5, na saa 10,000 za kazi za jamii.

Milioni 3 ndicho kilichokuwa kikomo cha juu kabisa kwa makosa hayo. Kampuni ilipokuwa bado chini ya uangalizi huo wa mahakama, mwezi Novemba 2018, nyaya zake za umeme ziliwasha moto ulioangamiza mji wa Paradise. Mwaka 2020 ilikiri makosa 84 ya kuua bila kukusudia.

Mahakama ya shirikisho huko Massachusetts ilitumia mizani nyingine. Tarehe 13 Septemba 2018 mafundi wa mkandarasi wa Columbia Gas walikuwa wakibadilisha bomba kuukuu la chuma mjini Lawrence. Vipimo vya mgandamizo vilikuwa bado vimeungwa kwenye bomba hilo la zamani, na mpango wa kazi uliotoka kwa wahandisi haukutaja kwamba vihamishwe. Bomba kuukuu lilipokatwa, vipimo vikaona gesi inapungua na kuagiza iongezwe, ikaongezwa, na nyumba zikaanza kuwaka katika miji mitatu jirani. Kijana wa miaka 18 aliuawa na bomba la moshi lililoliangukia gari alilokuwamo. Kampuni ilikiri kosa na kutozwa dola milioni 53, kiwango kilichokokotolewa kutokana na faida iliyoipata kwenye mradi wa kubadilisha mabomba. Ikatakiwa pia kuuzwa na kuondoka kwenye jimbo hilo. Faini iliyopimwa kwa faida inamfikia mwenye hisa mahali ambapo milioni 3 haiwezi kufika.

Wakati mabomba yetu ni mapya

Afrika Mashariki wengi bado wanapikia kuni, mkaa au mtungi, na msiba wa gesi uliotikisa zaidi miaka ya karibuni haukutokana na bomba la mtaani. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mlipuko kwenye eneo la kujazia gesi huko Embakasi, Nairobi, uliua watu kadhaa na kujeruhi mamia. Mamlaka ya nishati, EPRA, ilieleza kwamba mara tatu katika mwaka 2023 ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo pale, hasa kwa sababu ya ukaribu wa makazi. Mamlaka ya mazingira nayo iliwasimamisha kazi maofisa wake kwa leseni iliyotolewa. Hapo pia habari za hatari zilikuwa kwenye mafaili ya serikali kabla ya moto.

Tanzania imeshaanza safari nyingine. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, bomba kubwa kutoka Mtwara likakamilika mwaka 2015, na Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, limekuwa likiunganisha nyumba za Dar es Salaam, Mtwara na Lindi. Mabomba hayo ni mapya. Walioyafukia wengi wao wako hai na bado wako kazini. Wanakumbuka wapi walipita chini ya barabara, wapi walikwepa mtaro, wapi walilazimika kuunga kipande. Barabara za Dar es Salaam hazikai mwaka bila kuchimbwa na mtu wa maji, wa umeme au wa intaneti, kama ilivyokuwa Edmonton.

Kwa hiyo EWURA, iliyo na jukumu la kudhibiti usambazaji wa gesi, iwe inadai sasa, kwa kila mita ya bomba: limetengenezwa kwa nini, na nani, limefukiwa lini, kina gani, viungio vyake vilipimwa na nani, na nakala ya kumbukumbu hizo ikae nje ya ofisi ya kampuni. Kila anayetaka kuchimba barabara apitie hapo kwanza. Na mwananchi anayeunganishiwa gesi aombe hati ya majaribio ya bomba lake na aitunze pamoja na hati ya kiwanja. Asiyeunganishwa akisikia uvundo wa yai viza kwenye mtaa wenye bomba, asiwashe wala kuzima swichi. Atoke, apige simu akiwa mbali, aandike siku na saa aliyotoa taarifa na jina la aliyeipokea. Kampuni ikija kusema mahakamani kwamba haikujua, karatasi hiyo itaijibu.